Bahari ikikataa: jinsi ya kuokoa safari yako ya Lamu (na Malindi) boti ikishindwa kufika ulikopanga

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita simu yangu inajaa meseji za aina moja. "Dada, boti imeahirishwa, sasa tufanyeje?" Mtu ametoka Nairobi na watoto, amedunduliza pesa mwaka mzima, plani ilikuwa visiwani, Kiwayu siku mbili ama Manda Toto kuogelea na samaki, sasa yuko gatini kijijini Shela na begi mkononi, nahodha anamwambia leo haipitiki. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi ya kupangia wageni safari za boti nimeifanya miaka mingi, na kitu kimoja nataka mkishike kabla hamjafika: bahari mpangieni siku zenu za kwanza na muwachie siku moja tupu ya akiba. Mengine yote nitakayoandika hapa yanategemea hilo, manake mtu aliyeweka Kiwayu siku ya mwisho na ndege ya kurudi ni kesho yake saa nne, huyo hata nikimpa ushauri gani hana pa kuuweka.

Tuanze na kwa nini inakataa, maana ukijua sababu hutagombana na mtu.

Kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa tisa ni kusi. Upepo unatoka kusini mashariki na mwezi wa sita na wa saba ndo unakuwa mkali zaidi. Kuanzia mwezi wa tisa unalegea taratibu, hiyo tunaita demani, halafu Disemba hadi Machi ni kaskazi na maji yanakuwa safi, hapo ndo wakati wa kuogelea na kuangalia samaki. Kwa hivyo ukija Juni kwa sababu bei za vyumba zimeshuka, zimeshuka kwa sababu hiyo. Si vibaya kuja, mimi mwenyewe naipenda Lamu ya kusi, baridi nzuri na mji umetulia, lakini njoo ukijua.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wageni wengi sana. Unasimama mbele ya mji wa Lamu, pale karibu na ngome, unaangalia maji yametulia, mashua zinapita na tanga zimejaa vizuri, punda wanapakiwa mawe ya matumbawe, jua linawaka, halafu unaambiwa hakuna safari. Lazima utahisi unazungushwa. Lakini mji umekaa ndani ya mkono wa bahari, Kisiwa cha Manda kinauziba mbele, mawimbi makubwa hayafiki. Shida iko kule mlangoni, kati ya Shela na ncha ya Manda, pale bahari kuu inapoingilia. Ukitaka kuhakikisha, tembea hadi Shela kwa miguu, ni kama dakika 45 kwa njia ya ufukweni (maji yakiwa hayajajaa, yakijaa kuna sehemu utalowa hadi magoti), ukifika simama mwisho wa majengo pale ufuko unapoanzia uangalie nje. Ukiona mstari mweupe wa povu unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, hapo utamwelewa nahodha bila yeye kufungua mdomo.

Ndo maana pia kuvuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, ama kutoka uwanja wa ndege wa Manda kuja mjini ni nadra kusimama, ni maji ya ndani yale. Usianze kuogopa kwamba hutafika Lamu kabisa. Utafika. Kinachokatizwa ni zile safari za kwenda nje, bahari kuu.

Upepo na maji ni vitu viwili

Watu wanachanganya hapa. Safari inaweza kushindikana kwa upepo, na upepo hakuna anayeujua wiki mbili kabla. Lakini safari nyingine zinashindikana kwa sababu maji yamekupwa, na hilo linajulikana hata mwaka mzima kabla, kwa hivyo mtu akikupeleka Takwa halafu mkakwama kwenye matope katikati ya mikoko, hapo hakuna hali ya hewa ya kulaumu, ni mpangilio mbaya.

Takwa ni magofu ya mji wa zamani wa Waswahili kule Manda, wenyewe walihama karne ya 17 wakaenda Shela, na hadi leo watu wa Shela wana desturi ya kwenda pale kwenye kaburi la mnara kuomba mvua. Njia yake ni kijito cha mikoko, kinaingilika maji yakiwa yamejaa tu. Na Mkanda, ule mfereji kati ya Manda na bara ambao boti zinapita kwenda Pate na Kiwayu bila kutoka bahari kuu, nao pia unataka maji. Ndo maana ukisikia nahodha anasema "tutaondoka saa tisa" usimuulize kwa nini si saa mbili asubuhi.

Hesabu yenyewe ni rahisi na wazee wetu wanaifanya kwa mwezi bila simu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka sana, tofauti inazidi mita 3, na siku hizo maji yanajaa kama saa kumi jioni (na saa kumi alfajiri) na yanakupwa kama saa nne asubuhi. Halafu kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Kwa hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka, yanajaa kama saa nne asubuhi na kukupwa saa kumi jioni, lakini hapo ni maji mafu, hayapandi sana na hayashuki sana. Basi angalia kalenda: safari yako ikiangukia karibu na mwezi mpevu, Takwa ni ya alasiri, mfike kama saa tisa na mtoke kabla ya saa kumi na moja. Ikiangukia maji mafu, ni ya asubuhi, lakini muulize nahodha kama boti yake itapita maana kina ni kidogo. Ukishaijua hesabu hii nusu ya "safari zilizoharibika" hutaziona.

Upepo nao kuna apu kama Windy, hata wavuvi vijana wanazitumia siku hizi. Angalia noti, yaani kipimo cha kasi ya upepo, sio ile picha ya jua na wingu. Chini ya noti 10 bahari ni nzuri. Ikifika 15 utaona povu jeupe kila mahali na watoto watatapika. 20 kwenda juu kwa boti ndogo mimi siwapeleki watu nje, na Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali pwani huwa wanazungumzia noti 25 kwenda juu, hapo hata usipige simu. Na asubuhi kwa kawaida ni tulivu kuliko mchana, kwa hivyo siku ambayo inasomeka 14 mchana inaweza kuwa na masaa mawili matatu mazuri asubuhi mapema, mkaenda karibu mkarudi.

Pesa, zungumzeni mapema

Hapa nitasema kirefu kidogo kwa sababu nimeumia. Kuna mwaka nilikuwa na kundi la watu tisa, mwenye boti akaniambia nilipe yote ili anunue mafuta, nikalipa yote kwa M-Pesa, siku yenyewe upepo ukakataa. Nikampigia tusogeze siku, akasema mafuta ameshatia, siku ya pili simu haishiki, siku ya tatu haishiki. Wageni wangu niliwarudishia kutoka mfukoni mwangu, ilinichukua miezi kumaliza. Hatukuwa tumeandikiana kitu chochote, yeye alikuwa na maneno yake na mimi nina yangu.

Tangu hapo hakuna safari naipanga bila meseji. Mkishakubaliana bei kwa mdomo, mwandikie WhatsApp aijibu kabla hujatuma shilingi. Mimi huwa naandika hivi:

"Asalam alaikum nahodha. Manda Toto Jumamosi, watu 6, na chakula. Natuma nusu leo, nusu tukirudi. Upepo ukikataa tunasogeza Jumapili kwa dipoziti hiyohiyo. Jumapili nayo ikikataa unanirudishia, utoe tu pesa ya chakula kilichonunuliwa. Uamuzi wa kutoka au kutotoka ni wako."

Hiyo sentensi ya mwisho naomba msiiwache. Nahodha ana watoto wa kulisha, siku asiyotoka hapati kitu, na akiona mgeni amekasirika na pesa iko mkononi mwake, anaweza kujikuta anatoka siku ambayo moyo wake haukutaka. Ukimwandikia mapema kwamba uamuzi ni wake na dipoziti yake haipotei kwa kusogeza siku, umemwondolea huo mzigo, na umejilinda wewe na watoto wako. Na ile pesa ya chakula mwachie, samaki ameshanunua sokoni na nazi zimeshakunwa, hawezi kuzirudisha.

Mkibadilisha mkaenda karibu badala ya mbali, hapo una haki ya kuzungumza bei upya, maana mafuta yanayotumika ni machache. Zungumza kwa upole, gatini, kabla ya kupanda. Usingoje mkirudi ndo uanze.

Mkiwa gatini na jibu ni hapana

Nitawaambia siku moja ya Julai. Familia ya watu saba, baba, mama, bibi mmoja na watoto wanne, walikuwa wanataka Manda Toto. Nahodha wetu ni mzee, sote tunamwita Ami. Aliwawacha gatini Shela akaenda na boti tupu hadi mlangoni kuangalia, dakika ishirini hivi, akarudi kanzu yake yote imeganda mwilini kwa maji. Akaruka gatini, akasema tu, "Leo haipitiki. Ndoo kesho," yaani njooni kesho. Baba wa wale watoto akamshika bega, "Mzee, tukiongeza kidogo?" Ami akamwangalia, akamjibu polepole, "Hii si ya pesa, babangu." Akamwita kijana wake afungue kamba za nyuma.

Sasa mimi nilikuwa na sufuria mbili pale, wali wa nazi na samaki wa kupaka, zimefungwa kwenye leso, na watoto wanne wanaoanza kununa. Nikamwambia Ami tugeuze, tupitie ndani twende Matondoni. Huko upande wa magharibi wa kisiwa upepo haufiki vile, mikoko inakinga. Tukafika tukamkuta fundi yuko chini ya jahazi limelazwa pwani, anapiga kalafati, anachukua pamba iliyolowa mafuta anaisindilia kati ya mbao mbili kwa patasi na nyundo ya mti, tok tok tok, anapapasa kwa kidole gumba, anarudia. Yule mtoto mkubwa alikaa pale karibu saa nzima. Fundi akampa nyundo, akamshikia mkono, akampigisha mara tatu nne. Tukala chini ya mwembe wa watu, mwenye mwembe akatuletea maji ya kunywa na mkeka. Wakati wa kurudi Ami akapandisha tanga, akazima injini.

Kwa hivyo jibu likiwa hapana, usiulize "basi tunaweza kwenda wapi pengine huko nje". Uliza "ndani tunaweza kwenda wapi". Matondoni, Kipungani kule wanakosuka mikeka, kuzunguka mikoko ya Manda maji yakiwa yamejaa, ama tanga la jioni tu mbele ya mji. Hizo boti zinaenda karibu kila siku ya kusi. Na kama hata hizo hutaki, siku ya mjini Lamu si siku ya kupoteza: ngome iliyomalizwa 1821, makumbusho, nyumba ya Waswahili, kuzama vichochoroni Mkomani ukiangalia milango ya kuchonga, halafu jioni mkate wa mofa na viazi vya karai. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na watu wengi wanaupita mbio wakikimbilia boti, inaniuma kwa kweli.

Watoto waambieni usiku wa kuamkia, msiwaahidi kisiwa. Waambieni "kesho tunapanda boti inshallah, ama kisiwani ama kwa mafundi wa majahazi." Mtoto akishasikia zote mbili asubuhi halii.

Na siku mtakayotoka, hata bahari ikiwa nzuri, hesabu laifu jaketi gatini, moja kila kichwa, na za watoto ziwe za watoto kweli. Simu na dawa ziwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Sweta, ndio, kusi ukilowa utatetemeka Lamu hii hii. Tangawizi mbichi kwa wanaotapika.

Malindi kidogo

Malindi shida ni tofauti kidogo. Boti za sakafu ya kioo za kwenda hifadhi ya bahari zinaweza kutoka na bado usione samaki hata mmoja, maana mto Sabaki ukijaa mvua ya bara unamwaga udongo mwekundu na maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Uliza "maji yanaonesha?" usiulize tu "boti zinatoka?". Ikiwa hayaoneshi, panda matatu uende Gede, ni kama kilomita 16 tu, mji wa kale ndani ya msitu, na 2024 nao uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Pale jirani kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna pia Mida Creek kwa wanaotaka maji bado, mikoko imekinga upepo, lakini kumbuka hesabu ya maji kujaa na kukupwa niliyowapa juu. Marafa, kwenye lile korongo la udongo, nendeni alasiri, jua likishuka ule udongo unawaka rangi zote.

Mnaopanda meli kubwa

Wako ndugu zetu siku hizi wanapanda zile meli za utalii, wengine wamealikwa na watoto wao walio nje, na wananiuliza meli ikiruka bandari wafanyeje. Mambo ni yaleyale kwa ukubwa mwingine. Kapteni ana haki ya kuruka bandari ama kubadilisha, imeandikwa kwenye masharti ya tiketi, kwa hivyo fidia ya siku yenyewe msiitarajie. Mnachorudishiwa kwa kawaida ni ada na kodi za ile bandari, zinaingia kwenye akaunti yako ya melini, na ziara kama uliinunua kwa meli yenyewe. Ukiwa umelipia mtembeza wageni wa nje kivyako, hapo inategemea mlivyoandikiana, kwa hivyo kabla hujalipa muulize kama meli isipotia nanga hulipi. Wengi wanakubali.

Bandari ambazo meli inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa boti ndogo ndo zinarukwa zaidi, maana wimbi la mita moja na nusu halitikisi meli lakini bibi yako hawezi kuruka kutoka mlangoni mwa meli hadi kwenye boti inayopanda na kushuka. Angalia ratiba yako, ukiona bandari kama hiyo usiifanye ndo sababu ya kupanda meli hiyo. Na kusini mwa Bahari Hindi, huko Madagascar na Mauritius, kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga. Sisi Lamu na Malindi tuko karibu na ikweta, ni nadra vitufikie, lakini Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilisogea hadi Mafia na boti za kati ya Dar na Zanzibar zikasimamishwa.

Halafu hili la pasipoti yetu watu hawalifikirii. Bandari mbadala inaweza kuwa nchi inayotudai viza. Réunion kwa mfano ni ya Ufaransa. Wenzako watashuka, wewe utabaki melini unaangalia. Kabla ya kusafiri angalia ramani ya njia yote, andika nchi zote za jirani zinazoweza kuingizwa, angalia viza za hizo, na cheti cha homa ya manjano kibebe hata kama hujaambiwa. Kama una bima, soma kama inalipia bandari iliyorukwa, na siku hiyohiyo omba barua kwenye dawati la melini inayosema bandari gani imerukwa na kwa nini. Ukishashuka meli kuipata barua hiyo ni kazi.

Turudi gatini kwetu. Usimpigie nahodha saa tatu usiku kumuuliza kesho itakuwaje, atakujibu inshallah na hakudanganyi, bado hajui. Mpigie baada ya swala ya alfajiri, ndo ametoka msikitini na ameshapita pwani kuangalia. Kama ni ndiyo atakwambia muje sasa hivi, na muende sasa hivi kweli, chai mtakunywa botini, maana zile saa tulivu za asubuhi zimeshaanza kuhesabika.